Namba ya Sili

Kontena haiingii bandarini kwa sababu imefika langoni. Inaingia kwa sababu kuna mtu, mahali fulani ofisini, aliyeiandikisha kabla haijafika. Kwa miaka minne, mtu huyo nilikuwa mimi.

Watu wakiniuliza nafanya kazi wapi nilikuwa nasema "bandarini", nao wanaona kreni, meli na makoti ya kung'aa. Ukweli ni kwamba ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, hatua chache kutoka Barabara ya Moi. Meza nne, feni moja ya kuzungusha joto, na printa iliyokuwa inakula karatasi kila Ijumaa. Meli nilikuwa naziona Jumapili, nikivuka feri kwenda Likoni kwa shangazi yangu. Kazi yenyewe ilikuwa ni kuchapa. Nachapa namba asubuhi, nachapa namba jioni, na mwisho wa mwezi nachapa namba yangu ya siri kwenye simu nitoe mshahara uishe.

Nataka kusimulia kuhusu namba moja niliyoichapa vibaya mwaka wa 2022, na sentensi moja niliyoisema siku iliyofuata. Ile namba ilikuwa bahati mbaya. Ile sentensi, hapana.

Wacha kwanza nieleze kazi ilivyo, maana bila hilo hutaona nilipokosea.

Mteja akitaka kupeleka mzigo nje, anatafuta nafasi kwenye meli, anapewa kontena tupu, kontena inaenda kupakiwa, inafungwa na kupigwa sili. Kampuni ya kuklia mizigo, yaani sisi, inafungua mfumo wa forodha na kuandika entri: mzigo ni nini, uzani gani, thamani gani, unatoka kwa nani, unaenda kwa nani, umo kwenye kontena namba gani, sili namba gani. Kama ni avokado lazima pia kuwe na cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS. Kama zinaenda Ulaya, kuna cheti cha asili kinachoitwa EUR.1, ndicho kinachomwezesha mnunuzi wa kule asitozwe ushuru. Tangu Julai 2016 kuna na uzani uliothibitishwa: kontena iliyopakiwa haipandi melini kama hakuna aliyeweka sahihi kuhusu uzani wake. Ukishamaliza na forodha unaiandikisha tena kontena ile ile kwenye mfumo wa bandari, ili wa langoni wajue inakuja, ni ya meli gani, na imebebwa na lori gani. Wazee wa kazi bado walikuwa wakiuita mfumo wa forodha Simba, jina la ule wa zamani ulioanza 2005. Sisi tulikuta mwingine, lakini ukimsikia mtu anasema "Simba imelala leo", unajua mtandao uko chini na hakuna kitu kitasonga.

Nilifundishwa kazi na karani mkuu, mama mmoja tuliyemwita Anti. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwa dirisha, akanionyesha lori lililokwama kwenye msongamano chini, akaniambia nisome namba ya kontena. Herufi nne, tarakimu sita, halafu tarakimu moja peke yake, imechorewa kisanduku.

"Hiyo ya mwisho ndiyo askari," akasema.

Akanieleza. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena. Ya nne huwa U. Kila herufi ina thamani yake. A ni 10, B ni 12, wanaruka 11 na kila namba inayogawanyika kwa 11. Thamani ya kwanza unazidisha kwa moja, ya pili kwa mbili, ya tatu kwa nne, ya nne kwa nane, unaendelea kuongeza maradufu hadi tarakimu ya sita. Jumlisha zote, gawa kwa 11, kinachobaki ndicho kilichomo kwenye kile kisanduku. Ukichapa tarakimu moja vibaya hesabu haikubali, na kompyuta inakukatalia hapo hapo. Mimi niliyekuwa nachukia hesabu Fomu Two nilikaa usiku mzima nikijaribu kwenye karatasi, na ikatoka sawa. Niliona ni kitu kizuri sana. Namba inayojua kama umeikosea.

"Na sili?" nilimuuliza kesho yake.

"Sili haina askari," Anti akasema. "Sili ni wewe."

Sili ni msumari mnene wa chuma unaopitishwa kwenye kitasa cha mlango wa kontena. Ukishaingia haufunguki mpaka ukatwe. Una namba, na namba hiyo ndiyo ushahidi kwamba mlango haujaguswa tangu kiwandani. Ikiwa iliyo mlangoni na iliyo kwenye entri hazifanani, afisa wa langoni hawezi kupitisha, na ana haki. Mei 2015 maafisa wa Singapore walifungua kontena mbili zilizotoka Kenya, zimeandikwa majani ya chai, wakakuta karibu tani 3.7 za pembe za ndovu ndani. Mji kama Mombasa hausahau kitu kama hicho. Tunaishi kwa chai hapa. Mnada wa chai ulihamishwa kutoka Nairobi ukaletwa kwetu tangu 1969, na ofisi nyingi kama yetu zinakula kwa sababu ya majani hayo. Kwa hivyo sili isipolingana, hakuna anayekuuliza kama umechoka. Kontena inawekwa kando, inafunguliwa, inakaguliwa.

Ilikuwa Juni, msimu wa avokado umechanganya. Tulikuwa na kontena ya baridi ya futi 40 inatoka Murang'a kwenda Rotterdam. Pale 20, zaidi ya katoni 5,000 za kilo nne nne. Kwa wasiojua: avokado haiivi ikiwa mtini. Inachunwa ikiwa ngumu, inawekwa kwenye baridi ya nyuzi tano au sita, na kuanzia hapo ni kama umewasha saa. Kila siku inayopotea njiani ni siku ambayo mnunuzi hatakuwa nayo dukani.

Lori liliondoka Jumanne usiku. Meli ilikuwa inafunga kupokea mizigo Alhamisi saa sita mchana. Karatasi za kiwandani zilitakiwa kunifikia kwa barua pepe usiku uo huo, lakini kule stima zilipotea, mtandao ukaenda, na Jumatano asubuhi nilikuwa na kila kitu isipokuwa namba ya sili. Nikampigia dereva.

Sitataja jina lake. Tulikuwa tunamwita Mzee, na alikuwa mzee kweli, mtu wa Voi, wa kuitikia "marahaba" kwa sauti ya kukutuliza. Alikuwa ametubebea mizigo kuliko dereva mwingine yeyote. Nilimpata Mtito Andei, ameshuka kunywa chai, nasikia jenereta ya kontena inanguruma nyuma yake.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Sema."

Nikamwambia shida. Hakunisomea kutoka kwa karatasi peke yake. Alitoka mezani, akazunguka nyuma ya lori, akanisomea kutoka mlangoni, halafu akanisomea kutoka kwa karatasi, tarakimu moja moja. Nane, sufuri, nne, moja, saba, moja. Nikaandika kwenye kaunta buku yangu: 804171.

"Rudia nisikie," akasema.

Hapo ndipo simu yangu ya pili ikalia. Lazima nieleze na hiyo. Nilikuwa nimekopa kwa zile programu za simu, tatu kwa mpigo, unalipa hii kwa kukopa ile. Ndugu yangu mdogo alikuwa amefukuzwa shule kwa ajili ya karo na mama hakuwa na pa kushika. Mmoja wa hao wakopeshaji alikuwa na mtindo wa kuwapigia watu walio kwenye simu yako, anawaambia wewe ni mdaiwa sugu. Wiki hiyo walikuwa wameshampigia shangazi yangu. Niliiona namba, moyo ukaruka.

"Sawa sawa Mzee, nimepata," nikamwambia, nikakata.

Sikurudia. Nilimjibu mkopeshaji, nikaomba mpaka Ijumaa, nikatukanwa kidogo, halafu nikageukia kompyuta na mikono inatetemeka. Nikachapa 804711. Mfumo ukakubali. Kwa nini usikubali? Sili haina askari.

Alhamisi saa mbili asubuhi Mzee alikuwa langoni. Saa mbili na nusu bosi alitoka ofisini kwake ameshika simu kifuani, yaani mtu yuko kwenye laini anasubiri.

"Sili haifanani. Hii namba uliitoa wapi?"

Kaunta buku ilikuwa mbele yangu, imefunguliwa. Niliangalia chini nikaiona kwa wino wa buluu, mwandiko wangu mwenyewe, 804171. Nikajua pale pale. Haikuhitaji hata sekunde mbili. Nikafunga kitabu.

"Dereva alinisomea kwa simu," nikasema.

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi sana tangu siku hiyo, na kila nikiichunguza naikuta ni kweli. Dereva alinisomea. Kwa simu. Hakuna neno la uongo ndani yake. Ukiniweka mahakamani niape, ningeapa. Ndiyo maana ilifanya kazi vizuri hivyo.

Bosi akainua simu, akasema kwa sauti ya ofisi nzima kusikia, "Ni dereva wenu alitupa namba mbaya. Hajui kusoma? Sasa hii gharama nani atalipa?" Ule upande wa pili walikuwa wenye lori. Anti aliniangalia. Hakusema kitu, na mimi nikajifanya natafuta faili.

Kurekebisha entri si kazi ngumu. Unaomba marekebisho, unaeleza sababu, unaambatanisha karatasi, unangoja ikubaliwe. Lakini kontena yenye sili isiyolingana ilikuwa imeshawekwa kando, na ni lazima ikaguliwe. Nilielezwa baadaye na taniboi jinsi ilivyokuwa. Walikata sili, wakafungua milango, baridi ikatoka kama moshi, wakatoa katoni kadhaa na kuzifungua. Avokado. Avokado tu, kijani, ngumu, zimepangwa kama wanafunzi kwenye gwaride. Sili mpya ikapigwa, namba mpya ikaandikwa. Muda wote huo Mzee alikuwa juani karibu na lori lake akiangalia kipimo cha baridi, na dizeli ya jenereta ilipoanza kuisha alimtuma kijana akanunue kwa pesa ya mfukoni mwake.

Alinipigia mara mbili. Sikushika. Saa tano na dakika kumi alinitumia ujumbe. Naukumbuka herufi kwa herufi kwa sababu niliukalia muda mrefu: "Mwanangu namba nilokupa ndo iko mlangoni. Angalia tena."

Alikuwa ananiokoa. Hilo nililielewa baadaye. Alidhani kuna kosa ambalo sijaliona, na kwamba nikiliona nitalisema. Sikujibu.

Saa sita ikapita. Kontena ilipata ruhusa saa kumi jioni, meli imeshafunga. Iliyofuata ilikuwa baada ya wiki nzima, kwa hivyo kontena ikachomekwa kwenye stima ya bandari siku saba, kwa gharama ya siku saba. Mteja alituambia mnunuzi wake alikata bei zilipofika. Sikuuliza kama mkato huo ulikwenda mpaka kwa mkulima mwenye miti kumi kule mlimani. Naujua mnyororo ulivyo. Mzigo wa hasara huwa unateremka, haupandi.

Na kwa Mzee uliteremka haraka. Wenye lori walimkata pesa ya tripu. Halafu wakaacha kumpa mizigo ya kwenda nje; wakamweka kwenye kazi ya kurudisha kontena tupu, inayolipa kidogo. Kama unajua Kilindini unajua kontena tupu hazikosi. Tunaagiza vingi kuliko tunavyouza, na masanduku yale lazima yarudi yalikotoka, mengi yakiwa na hewa tu ndani. Baada ya miezi michache nikasikia ameacha kabisa, au ameachishwa. Taniboi aliyeniambia hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananipa habari tu, kama unavyomwambia mtu kwamba fulani amehama mtaa.

Nilimweleza rafiki yangu mmoja, tukiwa tunakula viazi karai Mama Ngina. Akasema, "Usijipe presha bana. Hiyo ni kazi, kila mtu anajiokoa." Nilitaka sana akubaliane nami, na alipokubali nikakuta haisaidii. Nilikuwa nimejiokoa kweli. Mshahara uliingia, mkopo mmoja ukaisha, mdogo wangu akarudi shule akamaliza. Ukiweka kwenye mizani unaweza kusema ilifaa. Lakini karo ile ililipwa na mtu ambaye hakuulizwa.

Jambo lililonikera zaidi ni kwamba mfumo ulikuwa unajua. Kila entri ina alama ya nani aliingiza, saa ngapi, kutoka akaunti gani. Ukirekebisha, ile ya kwanza haifutiki. Inabaki chini, na mpya inakaa juu yake. Kama kuna mtu angeitazama kaunta buku yangu na ile entri pamoja, angemaliza kesi kwa dakika moja. Hakuna aliyetazama. Hakukuwa na haja. Kulikuwa na dereva.

Niliondoka kampuni ile 2023 nikaenda kwa ghala moja la chai Shimanzi. Mwisho wa mwaka huo meli zikaanza kukwepa Bahari ya Shamu kwa ajili ya mashambulizi ya Wahouthi. Zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ya Ulaya ikaongezeka kama wiki mbili. Mjini kila mtu wa kazi yetu alikuwa anahesabu siku za avokado. Mimi nilikuwa nahesabu wiki moja tu, ile ya Juni.

Nilikutana na Mzee mwaka wa 2024, asubuhi, kwa kibanda cha mahamri Changamwe. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Alikuwa amekaa kwenye benchi na bakuli la mbaazi, amevaa kofia ile ile, na nje limesimama lori la kokoto. Ningeweza kupita. Matatu yangu ilikuwa imesimama, makanga anaita. Miguu ikakataa.

"Shikamoo Mzee."

Akainua macho. "Marahaba. Ah! Mwanangu! Kaa." Akasogea, akapanguza benchi kwa mkono. Akamwambia mwenye kibanda anipe chai, akaulizia ndugu yangu kwa jina, akakumbuka kwamba alikuwa shule. Unajua vile mtu anakufanyia wema na kila neno linakuchoma? Nilishika kikombe kwa mikono yote miwili.

Nikasema. Sikuwa nimepanga maneno. Nilimwambia kwamba ile namba aliisoma sawa, niliiandika sawa, nikaichapa vibaya, na kwamba nilijua tangu asubuhi ile ile.

Alimaliza kutafuna. "Najua."

"Ulijua?"

"Nilikusomea mara mbili, mlangoni na kwa karatasi. Mimi najua nilichosoma."

"Mbona hukusema?"

Akaniangalia kama ambaye nimeuliza kitu cha kitoto. "Nimwambie nani? Niliwaambia wenye lori. Wakasema, 'Kule ofisini wameandika ni wewe.' Karatasi ni zenu, mwanangu. Mimi nina mdomo tu."

Nilianza kulia, na hilo halikumpendeza. Watu walikuwa wanatazama. Akanipa kitambaa, akasema sikiza, kulia hakutanirudisha kwenye lori. Nikamuuliza nifanye nini. Nilikuwa tayari kwa lolote. Nadhani nilikuwa natarajia aniambie amenisamehe, ili niende kazini. Hakusema hivyo. Alifikiria kidogo, akaangalia mikono yake.

"Iandike," akasema.

"Niandike nini?"

"Hayo uliyoniambia. Kwenye karatasi. Kuna kampuni nyingine inataka madereva wa kontena za baridi. Wakipiga simu kule kwa zamani wanaambiwa mimi ni yule wa sili. Nikiwa na karatasi, nitawaonyesha karatasi."

Nikamwambia sina muhuri, nimeshaondoka pale. Akasema andika jina lako na namba ya kitambulisho, muhuri ni kitu cha duka. Nikampigia msimamizi wangu nikasema nitachelewa. Halafu nikapiga simu nyingine ambayo nilikuwa nimeiogopa miaka miwili, kwa Anti, nikamweleza. Kimya kirefu. Kisha akasema, "Ile kaunta buku uliondoka nayo?" Ndiyo, nilikuwa nayo. Ilikuwa nyumbani, chini ya godoro, kama silaha iliyotumika. "Basi piga kopi ya ukurasa," Anti akasema, "na uandike kwamba mimi ni shahidi wa mwandiko wako."

Tukaenda Mikindani kwa tuktuk kuchukua kitabu. Mzee alilipa nauli kabla sijafungua pochi, nikashindwa hata kubishana. Kutoka hapo tukaingia saiba iliyo karibu na steji. Nilichapa barua mwenyewe. Mimi fulani, mwenye kitambulisho namba fulani, niliyekuwa karani wa kampuni fulani, nathibitisha kwamba siku fulani dereva huyu alinisomea namba ya sili kwa usahihi, na kosa lililotokea kwenye entri lilikuwa langu peke yangu, na nilipoulizwa sikusema ukweli wote. Ile sehemu ya mwisho niliifuta mara tatu. Mara ya nne nikaiacha.

Sijui barua hiyo itamfikisha wapi. Alinipigia mara moja baadaye kusema ameipeleka na wameichukua. Zamani ningemaliza hadithi hii kwa kukwambia kwamba sasa analala na moyo mweupe, na mimi pia. Ninachoweza kukwambia ni kwamba nawafundisha makarani wapya wawili pale Shimanzi, na nawafundisha kile kisanduku cha mwisho kwenye namba ya kontena kama Anti alivyonifundisha. Halafu nawaambia kuhusu sili. Mtu akikusomea namba kwa simu humkatii mpaka umemrudishia, hata kama anayekupigia kwenye laini ya pili ni nani. Wananiona ni mkali bure.

Ile asubuhi, printa ilipotoa barua, Mzee hakuichukua. Alikuwa ameacha miwani kwenye lori, na hakutaka kuweka mfukoni kitu ambacho hakijui. Akaniambia nimsomee. Nikasoma, pale pale kwa kaunta, kijana wa saiba akijifanya hasikii. Nilipofika kwenye namba nikaisoma haraka, kama mtu anayepita makaburini.

Mzee akainua mkono.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Nane, sufuri, nne, moja, saba, moja.